Kano za Mcheza Ngoma

Mcheza ngoma hutegemea kano zake kuliko anavyotegemea misuli yake, ingawa misuli ndiyo inayoonekana na kusifiwa na watazamaji. Nimecheza na kufundisha ngoma hapa Bagamoyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza katika vikundi vya mtaani na baadaye chini ya walimu waliopitia Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na katika muda wote huo sijaona mchezaji aliyelazimika kuacha ngoma kwa sababu ya msuli uliochanika. Walioacha, pamoja na wanaoendelea kwa kuchechemea, waliumia pale ambapo msuli hushikana na mfupa, au mfupa na mfupa mwenzake: kwenye kisigino, kifundo cha mguu, goti na kiuno, na kwa wapigaji, kwenye kiwiko na bega. Sehemu hizo zote zimeshikwa na tishu unganishi. Nimeona ni haki ya vijana ninaowafundisha, na ya walimu wenzangu wa pwani hii, kuelezwa yale niliyoyajua kwa mwili wangu mwenyewe na yale niliyoyasoma baadaye nilipokuwa nikitafuta sababu zake.

Tishu unganishi ni ukoo mpana. Kano huunganisha msuli na mfupa. Ligamenti huunganisha mfupa na mfupa na kukizuia kiungo kisiende upande usiofaa. Fasia ni utando unaoizunguka misuli, ukiitenganisha na wakati huohuo ukiifanya ivutane. Na gegedu hufunika ncha za mifupa inapokutana. Katika kano na ligamenti kilicho kikuu ni protini iitwayo kolajeni, ambayo nyuzi zake hustahimili mvuto mkubwa sana. Seli hai ni chache, zimetawanyika baina ya nyuzi hizo, na mishipa ya damu nayo ni michache, kiasi kwamba kano hutumia oksijeni takriban mara saba na nusu pungufu ya msuli. Jambo hilo moja lilinifungulia mengi. Tishu inayotumia oksijeni kidogo namna hiyo inaweza kukaa chini ya mzigo kwa muda mrefu bila kuchoka, lakini ikiumia hujijenga polepole, wala haiwezi kufuatana na msuli katika kupona hata kama mwenye mguu ana haraka.

Mtazame mchezaji wa Sindimba ya Wamakonde. Magoti yamekunjwa, kiuno kinazunguka, visigino vinanyanyuka na kurudi chini kwa kila pigo la ngoma, na hali hiyo inaendelea pasipo mapumziko hadi mpigaji atakapobadilisha mdundo. Mdundiko wa majirani zetu Wazaramo ni mtihani wa namna nyingine, kwa kuwa huchezwa kwa kutembea, na kundi zima linaweza kutoka mtaa mmoja hadi mwingine likicheza njia nzima. Kama kazi hiyo ingefanywa na msuli peke yake, wengi wangeishia njiani. Mguu unapotua, kano ya kisigino hunyooka kidogo na kuhifadhi sehemu ya nishati ya mtuo ule. Mguu unaponyanyuka, kano hujirudisha na kuitoa nishati hiyo tena. Mwaka 1987 R. McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, akiwa na wenzake, walikadiria kwamba kwa mtu wa kilo 70 anayekimbia kwa mwendo wa wastani, kano ya kisigino huhifadhi takriban jouli 35 katika kila hatua, na uvungu wa unyayo, ambao nao umeshikwa na ligamenti na fasia, huhifadhi takriban jouli 17 nyingine, katika jumla ya jouli 100 hivi zinazohusika kila mguu unapokuwa chini. Hiyo ni nusu ya kazi inayofanywa na tishu ambayo watu wengi hawajui hata kwamba inafanya kazi.

Kano hiyo imeumbwa kwa ajili ya shughuli nzito. Nyuzi zake hazishuki moja kwa moja kutoka kwenye kigimbi, bali hujipinda zikielekea kisiginoni, kama nyuzi za katani zinavyosokotwa kuwa kamba, na kujipinda huko hugawanya mvuto kati yao. Paavo Komi wa Finland, ambaye alipima kwa kifaa kilichowekwa kwenye kano yenyewe ndani ya mguu wa mtu aliye hai, alikuta kwamba katika kukimbia mvuto unaweza kufikia zaidi ya mara 12 ya uzito wa mwili. Kila ninapomwona kijana mwembamba akiruka juu katika ngoma na kutua kwa mguu mmoja, huikumbuka hesabu hiyo.

Mguu wangu wa kulia uliteguka katika mazoezi ya kujiandaa na tamasha letu la kila mwaka, nilipotua na ukingo wa unyayo ukaangukia kwenye mkunjo wa mkeka. Kifundo kiligeuka kwa ndani, nikasikia maumivu upande wa nje, na kabla ya magharibi palikuwa pamevimba na kuwa peusi. Mteguko wa aina hiyo ndio unaotokea mara nyingi zaidi katika kifundo cha mguu, na ligamenti inayoumia kwanza ni ile ya mbele upande wa nje, inayotoka kwenye ncha ya mfupa mwembamba wa muundi na kushikana na mfupa wa talasi ulio chini yake. Ni ligamenti fupi, dhaifu kuliko zile za upande wa ndani. Wenzangu walifanya kila walilolijua kwa upendo: mmoja alikimbilia soko la samaki akarudi na barafu ndani ya mfuko, mwingine akaunyanyua mguu juu ya kiti, na nyumbani nikakandwa kwa maji ya moto yenye chumvi. Barafu na kuinua mguu vilitokana na ushauri ulioenezwa mwaka 1978 na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliyetaka aliyeumia apumzike, awekewe barafu, afungwe na ainue mguu. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili vyaweza kuchelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wa siku za mwanzo ni sehemu ya ukarabati. Mimi bado naruhusu barafu kwa muda mfupi ikiwa maumivu ni makali, ila simwachi mtu akae nayo siku nzima kana kwamba ndiyo tiba.

Jambo ambalo ningependa kila kiongozi wa kikundi alijue ni namna ya kutofautisha mteguko na mvunjiko, maana si kila zahanati ina mashine ya picha ya eksirei, na nauli ya kwenda inakopatikana si ndogo. Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walichapisha mwaka 1992 kanuni ambazo zinatumika hadi leo. Kwa kifundo cha mguu, picha inahitajika ikiwa aliyeumia ana maumivu kwenye eneo la kifundo na, zaidi ya hapo, anaumia unapombonyeza mfupa wenyewe kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa fundo la nje au la ndani, au hakuweza kukanyaga hatua nne mara tu alipoumia na hawezi hata anapochunguzwa. Mimi niliweza kukanyaga, ingawa kwa shida, na mfupa haukuuma.

Maumivu yaliondoka mapema kuliko nilivyotarajia, na tamasha lilipokaribia, mwalimu wangu aliniona natembea vizuri akanirudisha kwenye safu. Mguu ukageuka tena, na baada ya muda tena, kila mara kwa sababu ndogo zaidi: jiwe, ngazi, mchanga uliochimbwa na kaa. Bibi mmoja wa Magomeni ambaye tangu utoto wangu amekuwa akiwakanda wazazi na watu waliovunjika, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutambua ugonjwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaushika mguu kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akanitaka niteremke kizingiti chake nikirudi uani. Aliponiona nimetafuta ukuta kwa mkono, alisema: «Mwanangu, mguu huu haujapona, umenyamaza tu.»

Maelezo ya kitaalamu niliyoyapata baadaye kwa mtaalamu wa mazoezi tiba yalimuunga mkono. Ligamenti iliyochanika hupitia awamu zinazoingiliana. Siku za kwanza ni za uvimbe, ambapo seli za kinga husafisha mabaki. Kisha kwa wiki kadhaa mwili huweka haraka kolajeni ya aina ya tatu, iliyo nyembamba na iliyokaa ovyo, ili kuziba pengo. Baada ya hapo, kwa miezi mingi na hata kupita mwaka, kolajeni hiyo hubadilishwa taratibu kuwa ya aina ya kwanza, iliyo imara, na nyuzi zake hupangwa kuelekea upande ambao mvuto huja. Maumivu kwa kawaida hutulia katika awamu ya pili, wakati tishu yenyewe ingali changa. Na zipo habari nyingine zinazopotea pamoja na nyuzi: ndani ya ligamenti mna vihisio vinavyoujulisha ubongo mguu umekaa vipi, hata bila kuutazama. Freeman na wenzake waliandika mwaka 1965 kwamba miguu mingi inayoendelea kugeuka baada ya mteguko imepungukiwa na taarifa hizo, na wakaonyesha kwamba kufanya mazoezi ya kujisawazisha hupunguza tatizo. Kwa hiyo kuondoka kwa maumivu kunamwambia mchezaji kwamba anaweza kuanza kazi ya kupona, na kazi hiyo hufanywa kwa kusimama.

Nilianza kwa kusimama kwa mguu mmoja nikiwa nimeshika mlango, kisha bila kushika, kisha macho yakiwa yamefumbwa, na mwishowe nikasimama hivyo rafiki yangu akipiga mdundo wa polepole huku mikono yangu ikicheza. Mchanga wa ufukweni maji yanapokupwa ulinifaa sana katika hatua ya mwisho, kwa sababu una sehemu ngumu na sehemu laini zilizokaribiana, na kifundo hulazimika kujirekebisha kila mara. Mguu ule haujageuka tangu wakati huo kwa kiasi cha kunizuia kucheza, na mazoezi hayo sasa yamo katika kila somo langu, hata kwa wale ambao hawajaumia kabisa.

Tatizo la kisigino lilinijia kwa njia nyingine kabisa, na ndilo lililonifunza zaidi. Hakukuwa na siku wala mtuo ninaoweza kuutaja. Miaka ilipita, nilikuwa nimekuwa mwalimu, na nikaanza kuona kwamba ninapoamka kwa sala ya alfajiri hatua za kwanza kwenda bombani ni za mtu mzee: kano ya kisigino imekakamaa, ikiuma sentimita chache juu ya mfupa, kisha ikilegea kadiri ninavyotembea. Katika ngoma iliuma mwanzoni, ikanyamaza katikati, ikarudi usiku kwa nguvu. Nilipumzika, ikatulia, nilirudi, ikarudi. Katika kano iliyochoka namna hiyo nyuzi hupoteza mpangilio, maji huongezeka ndani yake, na mara nyingi sehemu iliyoathirika hunenepa hata ukaweza kuishika kwa vidole. Mapumziko hupunguza maumivu bila kuurudisha mpangilio uliopotea, kwa sababu seli za kano hupata habari ya nini cha kujenga kutokana na mvuto zinaoupokea. Pasipo mvuto hazina sababu ya kujenga.

Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden, alitoa na wenzake taarifa ya wakimbiaji 15 wa kujifurahisha waliokuwa na maumivu sugu ya kano hiyo, ambao walipewa kazi ya kusimama kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino taratibu chini ya usawa wa ngazi kwa mguu mgonjwa, mara 15 kwa seti 3, goti likiwa limenyooka, na idadi ileile goti likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Walipozoea, walibebeshwa uzito mgongoni. Wote walirudi kukimbia. Kundi lilikuwa dogo, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba kunyanyua na kushusha polepole kwa uzito mkubwa, mara tatu tu kwa wiki, hufikia matokeo yanayokaribiana; lakini wazo la msingi limesimama, kwamba kano iliyoumia hutibiwa kwa mzigo uliopimwa. Nilifanya yangu kwenye ngazi za mawe za nyumba ya zamani katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nikiwa nimebeba begi lenye mchele. Wiki za mwanzo ziliuma, na nilikuwa nimeelezwa kwamba maumivu ya wastani yanayotulia kufikia kesho yake hayana hatari, ilhali yale yanayozidi asubuhi hadi asubuhi ni amri ya kupunguza. Faida ya kweli niliiona mwezi wa tatu. Wenye subira fupi huacha mwezi wa pili, na nimewaona wengi.

Utafiti mwingine umenifanya niwatazame watoto kwa macho tofauti. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza katika hewa ya dunia nzima kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi ambayo huingia mwilini kupitia chakula, na kiasi hicho kikashuka kwa mpangilio unaojulikana mwaka hadi mwaka, hivyo tishu ya mtu huweza kusomwa iliundwa lini. Katja Heinemeier wa Denmark na wenzake walipima kano za kisigino kwa njia hiyo, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba kiini cha kano ya mtu mzima kimeundwa katika miaka ya kukua, hadi karibu umri wa miaka 17, na baada ya hapo hakibadilishwi kwa kiasi kinachopimika. Msuli wa mtu huyohuyo ulikuwa umejifanya upya. Mtoto wa miaka 12 anayejifunza ngoma kwangu, kwa hiyo, yumo katika kuijenga kano ambayo atacheza nayo akiwa na miaka 50. Namtaka aruke, acheze, akimbie, maana mzigo wa utotoni ndio unaoipa kano unene wake. Simtaki acheze akiwa na maumivu ya kisigino ili tu kikundi kipate idadi yake jukwaani.

Katika sarakasi, ambayo hapa Bagamoyo hufundishwa bega kwa bega na ngoma, wapo watoto ambao viungo vyao hupinda kupita kawaida. Watu huwashangilia, na wakufunzi huwatanguliza mbele. Peter Beighton na wenzake, waliowachunguza Watswana wa kijijini Afrika Kusini na kuchapisha matokeo yao mwaka 1973, waliacha kipimo rahisi cha alama 9 kinachotumika duniani kote: kidole kidogo cha kila mkono kikiweza kurudi nyuma kupita nyuzi 90, dole gumba likigusa kigasha, kiwiko na goti vikinyooka kupita mstari, na viganja vikilala sakafuni magoti yakiwa yamenyooka. Mtoto mwenye alama nyingi ligamenti zake ni legevu kwa maumbile, na ulegevu huo humaanisha kwamba kazi ya kukishika kiungo imehamia kwa misuli. Mtoto kama huyo simvuti zaidi ili apinde zaidi, jambo ambalo bado naliona likifanywa na linanisikitisha; nampa mazoezi ya nguvu, na namfundisha kusimamisha goti kabla halijafika mwisho wake.

Kuhusu fasia yanasemwa mengi, na si yote yenye uzito sawa. Fasia pana ya kiunoni ni jambo ambalo mcheza Sindimba angepaswa kulijua kama ajuavyo mdundo wake. Andry Vleeming wa Uholanzi na wenzake walionyesha mwaka 1995, kwa kuchunguza miili ya marehemu, kwamba mvuto wa msuli mpana wa mgongo unaotoka begani hupita katika fasia hiyo na kuvuka hadi upande wa pili, ambako hukutana na msuli mkubwa wa tako. Mkono wa kushoto na nyonga ya kulia, kwa hiyo, hufanya kazi pamoja, na mchezaji anayekaza mabega hupoteza mzunguko wa kiuno ingawa kiuno chenyewe hakina kasoro. Helene Langevin naye, akitumia mashine ya mawimbi ya sauti, aliona mwaka 2011 kwamba kwa watu wenye maumivu sugu ya mgongo matabaka ya fasia hii huteleza kwa takriban asilimia 20 pungufu kuliko kwa wasio na maumivu, japo haijulikani kipi kilitangulia.

Lakini lile dai kwamba mkandaji hunyoosha au kuifungua fasia kwa mikono sikubaliani nalo tena. Hans Chaudhry na wenzake walipiga hesabu mwaka 2008 na kuona kwamba kuibana fasia ya unyayo au ya paja kwa asilimia moja tu kungehitaji nguvu kubwa kuliko inavyoweza kutolewa na mkono wa binadamu bila kudhuru. Nafuu tunayoipata kwa kukandwa ni ya kweli, nami huitafuta. Hutokana kwa sehemu kubwa na mishipa ya fahamu, ambayo hupunguza ulinzi wake na kuuacha mwili utembee. Nafuu hiyo hudumu saa chache au siku chache, na mchezaji mwerevu huitumia kufanya mazoezi ya mzigo kabla haijaisha. Kuhusu chakula sina mengi: mwili hauwezi kuunda kolajeni imara pasipo vitamini C, na mkoa jirani hutuletea machungwa ya Muheza kwa wingi, pamoja na ubuyu na mapera tuliyo nayo wenyewe. Supu ya makongoro ina kolajeni nyingi, ila tumbo huivunjavunja kabla haijafika popote, na asiyefanya mazoezi hataona tofauti kisiginoni.

Lipo onyo moja ambalo nalitoa kwa sauti kubwa kila ninapopata nafasi. Dawa za kundi la fluorokwinoloni, na inayojulikana zaidi kwetu ni siprofloxasini, ambayo watu huinunua kwa ajili ya UTI au tumbo la kuhara, zinaweza kudhuru kano hadi ikakatika, hasa ile ya kisigino. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza mwaka 2008 ziandikwe onyo la ngazi ya juu kabisa kwa sababu hiyo. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliozidi miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi. Mpigaji mmoja mkongwe wa kikundi chetu alipata maumivu makali ya visigino vyote viwili siku chache baada ya kuanza vidonge hivyo, na hakuna aliyemuuliza alikuwa akimeza nini mpaka mkewe alipotaja. Mchezaji anayepewa dawa hiyo amweleze daktari kazi anayoifanya, na akianza kusikia maumivu kwenye kano arudi kwake haraka, asirukeruke wala asijipangie dozi yake mwenyewe.

Nikiulizwa ni lini hasa wachezaji wa pwani huumia visigino, jibu langu ni Mfungo Mosi. Mwishoni mwa Shaabani tuna vunja jungu, ambapo ngoma huchezwa hadi usiku wa manane siku kadhaa mfululizo. Kisha mwezi mzima wa Ramadhani ngoma hunyamaza, isipokuwa ya wale wapigaji wachache wanaozunguka mitaani kuwaamsha watu kwa daku. Sikukuu ikifika vikundi huitwa kila upande, Idd Mosi, Idd Pili, Idd Tatu, na harusi zilizokuwa zikisubiri hufuatana. Mchezaji hushuka kutoka mzigo mkubwa hadi sifuri, kisha hupanda kutoka sifuri hadi mzigo mkubwa kwa siku moja. Misuli na pumzi hurudi upesi, na kijana hujiona yu mzima. Kano, ambayo katika wiki kadhaa za kutotumika hupoteza sehemu ya ugumu wake, inakuwa bado haijafika alipo mwenyewe.

Kwa hiyo tumepanga mwaka wetu upya. Baada ya tarawehe, siku tatu kwa wiki, wachezaji wangu husimama kwa ncha za vidole wakishikilia ukuta na kubaki hapo muda wa sekunde 45 mara tano, kisha hunyanyua na kushusha visigino polepole. Kazi nzima haizidi robo saa, haiwatoi jasho la kuwatia kiu kesho yake, na haihitaji ngoma kupigwa. Kumi la mwisho la Ramadhani tunaongeza mirukoruko michache. Siku za Idd nimewaomba waandaaji watupe nafasi fupi siku ya kwanza na ndefu siku ya tatu, na si wote waliokubali, kwa kuwa wengine wanaona wamelipia ngoma nzima. Kwao huwa nawapeleka wachezaji wengi zaidi ili wapokezane.

Yeyote atakayesikia mshindo nyuma ya mguu katika siku hizo, kama aliyepigwa teke na mtu asiyeonekana, asisubiri uvimbe. Mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, kisha kibonye kigimbi chake kwa kiganja: kano ikiwa nzima, unyayo utasogea kuelekea chini wenyewe, na usiposogea ichukulie kuwa imekatika, hata kama bado anaweza kutembeza vidole na kukanyaga kidogo. Mguu ufungwe vidole vikiwa vimeelekezwa chini ili ncha mbili za kano zikaribiane, asiukanyagie, asichuliwe, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.